Mwalimu Aliyeondoka Februari

Jumapili moja ya Februari 2017 nilifika shuleni nikakuta viti kumi na viwili vimeongezwa darasani mwangu. Huko Muscat, Oman, wiki ya kazi huanza Jumapili, na hiyo ilikuwa siku ya kwanza baada ya likizo ya katikati ya mwaka wa shule. Hakuna aliyenieleza kitu. Baadhi ya watoto wa darasa lililopakana na langu waliingia na mabegi yao, wakaketi, wakanitazama. Mwalimu wao alikuwa Mkenya mwenzangu. Tulisafiri ndege moja mwezi Agosti, tukagawana nyumba moja, tukapika ugali kwenye sufuria moja. Alikwenda likizo na hakurudi. Simu yake haikupatikana. Chumbani aliacha viatu, nusu gunia la mchele na daftari la alama.

Mikataba yetu ilikuwa ya miaka miwili. Yeye alikuwa ametumikia miezi sita.

Mchana huo nilisimama zamu ya getini. Bibi mmoja aliyekuwa akija kumchukua mjukuu wake kila siku alinisogelea. Alizaliwa Unguja, akahamia Oman miaka ya sabini, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha mjini Unguja hasa, kana kwamba hajawahi kutoka mtaa wa Malindi. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, kisha akauliza bila kuzunguka: "Na wewe mwanangu, utatukimbia lini?"

Sikuwa na jibu siku ile. Tangu hapo nimeisikia mijadala mingi kuhusu walimu wa Afrika Mashariki wanaokwenda kufundisha nje, na karibu yote huzungumzia kupata: kupata viza, kupata mshahara, kupata wakala asiye tapeli. Kuhusu kumaliza muda uliotia saini, maneno ni machache. Anayekatiza husifiwa kuwa mjanja akipata pema zaidi, na huhurumiwa akiwa amenyanyaswa. Lile darasa aliloliacha halitajwi.

Nianze hapo, kwa darasa, kwa sababu ndilo linaloutofautisha mkataba wa mwalimu na mikataba mingine ya kigeni. Dereva akiondoka Februari, gari litakaa siku kadhaa, kisha atapatikana mwingine na safari zitaendelea. Mwalimu kipimo chake cha kazi si siku wala mwezi, ni mwaka wa shule. Analolijenga Septemba analivuna Juni. Katikati ya hapo anajua nani hasikii vizuri sikio la kushoto, nani anaiga majibu ya jirani yake, nani ameanza kusoma peke yake wiki iliyopita tu. Maarifa hayo hayamo kwenye silabasi wala kwenye faili la mwanafunzi. Akiondoka, anaondoka nayo. Na mwalimu wa kigeni hapatikani kwa wiki moja: kuna vyeti vya kuthibitishwa ubalozini na wizarani, kibali cha kazi, uchunguzi wa afya, tiketi. Pale kwetu mbadala wa mwenzangu aliingia darasani mwezi Mei, watoto wakiwa wanajiandaa kwa mtihani wa mwisho.

Kuna nchi zilizolielewa jambo hili hadi zikaliandika kwenye masharti ya kazi. Katika shule za umma za England na Wales, mwalimu wa kawaida hachagui tarehe ya kuacha kazi anavyotaka. Anayetaka kutoka mwisho wa Desemba awe amewasilisha barua kabla ya Oktoba 31 kupita. Anayetaka kutoka mwisho wa Aprili, barua iwe imefika kufikia mwisho wa Februari. Wa kutoka Agosti 31, Mei 31. Milango ni mitatu tu kwa mwaka, na kila mmoja umewekwa mwishoni mwa muhula. Utaratibu huu unamruhusu mwalimu kuondoka, hata akiwa amechoka tu na baridi. Unachokataza ni kuondoka Jumanne ya katikati ya Novemba. Ninaona kuna busara kubwa humo, na nitairudia.

Sasa turudi Ghuba, maana huko ndiko walimu wengi wa kwetu wanakokwenda na ndiko mikataba mingi inakovunjika. Kwa miaka mingi mfumo wa ukafili, ambao humfanya mwajiri kuwa kafili, yaani mdhamini, wa mfanyakazi mgeni, uliufanya muda wa mkataba kuwa kitu kisicho na maana. Oman, kuanzia mwaka 2014, mfanyakazi aliyemaliza kazi bila barua ya kutokuwa na pingamizi kutoka kwa mwajiri wake, ile tuliyozoea kuiita NOC, alizuiwa kurudi nchini kwa kazi nyingine kwa miaka miwili. Tafakari hili, msomaji. Uliyetumikia miaka yako miwili kamili, siku kwa siku, na uliyetoroka mwezi wa saba, mlikuwa karibu sawa machoni pa sheria endapo mwajiri aliamua kukunyima hiyo karatasi. Uaminifu haukununua chochote. Nilikuwa na mwenzangu kutoka Uganda aliyemaliza miaka minne, akanyimwa NOC kwa sababu tu mkuu wa shule hakutaka aonekane shule jirani. Alipanda ndege kurudi Entebbe huku akicheka kicheko ambacho hakikuwa cha furaha.

Januari 2021 Oman iliondoa sharti hilo kwa mfanyakazi aliyemaliza mkataba wake. Mwaka huohuo, mwezi Machi, Saudi Arabia iliruhusu wafanyakazi wengi wa sekta binafsi kuhama bila ridhaa ya mwajiri mkataba unapokwisha, au baada ya mwaka mmoja kwa masharti ya notisi. Wafanyakazi wa nyumbani waliachwa nje, na hilo ni aibu ya makala nyingine. Qatar ilikuwa imetangulia mwaka 2020.

Wengi walizipokea habari hizo kama ruhusa ya kuhamahama. Mimi naona zilifanya jambo lililo kinyume. Kwa mara ya kwanza, kumaliza mkataba kukawa na thamani yake: tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye karatasi ndiyo ufunguo, na ufunguo huo hashiki tena kafili. Mlango ukiwa umefungwa pande zote, mtu huruka ukuta. Ukijua kwamba Juni ya mwaka wa pili mlango utafunguka wenyewe, unaweza kuvumilia hata mkuu wa shule mwenye mdomo mchafu.

Umoja wa Falme za Kiarabu umeliweka hilo kwa undani zaidi, na ningependa kila mwalimu anayekwenda Dubai au Abu Dhabi aisome sheria ya kazi iliyoanza kutumika Februari 2, 2022, walau aone vifungu vinavyomhusu. Muda wa majaribio hauzidi miezi sita. Ukitaka kuacha ndani ya muda huo na kuondoka nchini, unatoa notisi ya siku kumi na nne. Ukitaka kuhamia mwajiri mwingine hapohapo, notisi ni mwezi mmoja, na mwajiri mpya ndiye anayemfidia wa zamani gharama za kukuajiri, wewe huhusiki. Baada ya majaribio, notisi ni kati ya siku thelathini na tisini kama mlivyoandikiana. Kiinua mgongo huanza kuhesabika ukitimiza mwaka mmoja: mshahara wa msingi wa siku ishirini na moja kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza, kisha siku thelathini. Mwajiri haruhusiwi kukutoza gharama za kukuajiri wala kukushikia pasipoti. Na ukiacha kazi kimyakimya, unaweza kunyimwa kibali kipya cha kazi kwa mwaka mzima.

Nimezitaja takwimu hizi kwa makusudi. Walimu wengi tunaotoroka hutoroka kitu ambacho kilikuwa na mlango. Tunasaini kwa kalamu ya kuazima pale ofisini kwa wakala, kurasa tisa, huku dereva wa uwanja wa ndege akipiga honi nje, kisha miezi sita baadaye tunajiona tumefungwa jela. Kifungu cha notisi kilikuwa ukurasa wa saba.

Hata hivyo siwezi kumtupia mwalimu mzigo wote, na hapa ndipo hasira yangu ya mwaka 2017 ilipopungua. Miezi kadhaa baadaye mwenzangu yule alinipigia simu akiwa Nairobi. Mkataba aliooneshwa kabla ya kusafiri ulikuwa na nyumba na tiketi ya kila mwaka. Alipofika akapewa mwingine asaini, kwa Kiarabu, ambamo tiketi ilikuwa moja tu, ya mwisho wa miaka miwili, na mshahara ulikuwa umepungua karibu robo. Wakati huo deni la wakala lilikuwa bado halijaisha nyumbani. Alisaini kwa sababu hakuwa na nauli ya kurudi. Je, huo ulikuwa mkataba ambao mtu anapaswa kuuheshimu hadi siku ya mwisho? Nadhani hapana. Aliyeubadilisha kwanza ndiye aliyeuvunja. Lakini bado najiuliza kwa nini hakuniambia mimi niliyelala chumba cha pili, na kwa nini hakuwaaga wale watoto.

Deni ndilo linaloharibu hesabu yote. Kwa mwalimu wa Kenya aliyefundisha kama mwanagenzi wa sekondari msingi kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, malipo ambayo yalichangia kuwapeleka wanagenzi barabarani mwaka 2024, mkataba wowote wa nje unaonekana mrefu vya kutosha na mzuri vya kutosha. Hasomi urefu wake. Anasoma tarakimu ya mshahara, anaigeuza kwa shilingi kichwani, anasaini. Na wakala anajua hilo. Urefu wa mkataba unaweza kugeuzwa kuwa kamba.

Mfano ninaoukumbuka zaidi hautoki Afrika Mashariki. Kuanzia mwaka 2007, walimu takriban 350 kutoka Ufilipino walipelekwa kufundisha shule za Louisiana, Marekani. Kila mmoja alilipishwa ada zilizofika dola 16,000 hivi, nyingi zikiwa za mkopo. Wakiwa tayari wamelipa sehemu isiyorudishwa, ndipo walipotakiwa kusaini kwamba watampa wakala asilimia kumi ya mshahara wa mwaka wa pili pia, na waliositasita walitishiwa kurudishwa kwao. Desemba 2012 mahakama ya shirikisho huko California iliwapa fidia ya dola milioni 4.5. Angalia jinsi mtego ulivyotegwa: kilichouzwa na kununuliwa kilikuwa ni mwaka wa pili wenyewe. Walimu wale walibaki madarasani. Watu waliowatazama kwa mbali walisema ni waaminifu kwa mikataba yao. Walikuwa waaminifu, naam, na pia hawakuwa na pa kwenda.

Kwa hiyo ninapomwambia mwalimu kijana aheshimu muda, namwambia kwanza aulize kama muda huo ni wake au ni wa mtu anayemdai. Ukiona mkataba unaokutaka ulipe "fidia" ya mishahara mitatu au minne ukiondoka kabla ya wakati, wakati mwajiri akikufukuza yeye hakulipi chochote, usipande ndege. Mkataba wa muda maalumu hufunga pande mbili au haufungi.

Kuna upande mwingine wa urefu ambao sisi hatupendi kuutaja. Mkataba unaweza kuvunjwa kwa kuurefusha. Kwa miaka mingi vijana wa Kenya na Tanzania wamekuwa wakienda Marekani kwa mpango wa Fulbright wa wasaidizi wa kufundisha lugha, wakafundisha Kiswahili vyuoni kwa miezi tisa, Agosti hadi Mei. Muda huo haurudiwi wala hauongezwi. Viza yao ya J-1, ile ya mipango ya mabadilishano, kwa kuwa mpango unagharimiwa na serikali, inawataka warudi kwao kwa miaka miwili kabla ya kuomba baadhi ya viza nyingine, ikiwemo ukaazi wa kudumu. Miezi tisa ni mifupi. Unafika wanafunzi wakisema "hujambo" kwa shida, na wanapoanza kuelewa ngeli ya KI-VI wewe unafunga sanduku. Naelewa kishawishi cha kubaki. Lakini nafasi ile ni kiti ambacho mwaka ujao kinamngoja mwingine, na chuo kilichochomwa vidole na mmoja hufikiri mara mbili kabla ya kumwomba wa pili. Nimemsikia mhadhiri mmoja wa Kiswahili huko akisema, kwa upole wa kutisha, kwamba mwaka ujao wangeomba msaidizi wa lugha nyingine.

Walimu wa kawaida wenye J-1, wale wanaofundisha shule za msingi na sekondari, wana miaka mitatu, na inaweza kuongezwa mmoja au miwili. Huko nako mwalimu hawezi kuhama shule kwa kujiamulia. Mdhamini wa viza lazima akubali. Anayeacha darasa ghafla anaacha pia uhalali wa kuwa nchini. Wapo wanaoligundua hilo wakiwa wameshatuma barua ya kuacha kazi.

Sisi wenyewe tumewahi kuwa upande wa pili wa jambo hili, ila tunasahau. Mwaka 1961 ulianza mpango wa Walimu kwa Afrika Mashariki, ulioendeshwa na chuo cha ualimu cha Columbia, New York. Vijana wa Kimarekani walikuja kufundisha sekondari za Kenya, Uganda na Tanganyika, mikataba yao ikiwa ya takriban miaka miwili. Wakafuata wa Peace Corps, shirika la Marekani la watu wa kujitolea, ambao utumishi wao ni miezi 27, mitatu ya mafunzo na iliyobaki ya kazi. Baba yangu alifundishwa hisabati na mmoja wao. Hadi leo anakumbuka kwamba alikuwa mbovu wa Kiswahili na mzuri wa jometri, na kwamba alikaa hadi kidato chao kilipofanya mtihani. Mwingine wa kemia alirudi kwao baada ya muhula mmoja. Jina la huyo, baba yangu halikumbuki, anamwita tu "yule wa kemia." Tena kukatisha si kwa wageni peke yao. Peace Corps waliondoka Tanzania mwaka 1969, wakarudi mwaka 1979. Mwenyeji na mgeni wanaweza kuchokana, na nchi nzima ikabadili mawazo katikati ya muda wa watu.

Nitoe la moyoni jambo moja ambalo huenda litawaudhi wenzangu. Safari nyingi za kwenda kufundisha nje huanza kwa kuvunja mkataba wa nyumbani. Mwalimu wa Tume ya Huduma za Walimu hapa Kenya hafiki shuleni Jumatatu. Wiki ya tatu anaonekana akipiga picha mbele ya maduka ya Sharjah. Hakuomba likizo bila malipo, hakuandika barua, na darasa la nne la Kwale au Vihiga limebaki na mwalimu mkuu anayekimbia kati ya madarasa mawili. Tofauti ya kalenda inazidisha ubaya: mwaka wa shule wetu huanza Januari, wa Ghuba huanza mwishoni mwa Agosti, kwa hiyo anayeitwa kule mara nyingi anatoka hapa kabla ya muhula wa tatu, ule wa mtihani. Tunalia kwamba waajiri wa nje wanatuona watoro. Baadhi yetu tulifika tukiwa watoro tayari.

Ndiyo maana nashikilia busara ile ya milango mitatu. Mwalimu aliyekwenda nje ana haki ya kuondoka. Mama akiugua, mshahara ukichelewa miezi, mwajiri akiwa mnyanyasaji, aondoke. Penye hatari kwa mwili wake aondoke usiku huohuo, darasa litangoja. Lakini kwa sababu nyingine zote, pamoja na ile inayotajwa zaidi, shule ya jirani inayolipa nyongeza, atoe notisi iliyoandikwa na aitegeshe imalizikie ukingoni mwa muhula. Akabidhi daftari la alama. Aandike ukurasa mmoja kwa atakayemfuata: huyu anahitaji kukaa mbele, yule asiitwe ubaoni mpaka azoee. Kazi ya saa mbili. Kabla ya kusaini amuulize mwajiri kalenda ya mwaka wa shule na alinganishe tarehe za mkataba nayo, maana nimeona mikataba iliyoanza Oktoba 10 na kuisha Oktoba 9, ambayo inamlazimisha hata mwalimu mwema kuondoka wiki ya sita ya darasa jipya.

Mimi nilimaliza miaka yangu miwili Juni 2018. Sitajisifu kwamba ilikuwa ni uadilifu mtupu. Tiketi ya kurudi ilikuwa mwishoni, na kwa sheria ya wakati ule kiinua mgongo cha Oman kilikuwa nusu ya mshahara wa msingi wa mwezi kwa kila mwaka katika miaka mitatu ya mwanzo, kiasi kidogo lakini nilikuwa nimekipangia mabati. Bibi wa getini nilimuaga wiki moja kabla. Akanipa halua kwenye kopo na salamu nizifikishe Unguja, kwa mtaa badala ya mtu, kwa kuwa watu wake wote walikuwa wameshaondoka.

Wakati wa kusafisha nyumba nililikuta tena daftari la alama la mwenzangu, nililokuwa nimelifungia kabatini tangu ile Februari. Majina ishirini na manne kwa mwandiko wake mzuri wa mteremko, rangi nyekundu kwa majaribio, ya buluu kwa kazi za nyumbani. Pembeni mwa jina la mtoto mmoja aliandika kwa penseli, "ameanza kusoma kwa sauti, usimkatize." Safu zilijaa hadi wiki ya tatu ya Januari. Baada ya hapo alikuwa amechora mistari ya muhula mzima uliofuata, kwa rula, na tarehe juu ya kila safu mpaka Juni.